Jibu: Kikundi kinabishania Wafilipi 4:13

Bwana asifiwe, ndugu. Umesema kikundi chenu cha kujifunza Biblia kimegawanyika juu ya maneno ya mtume Paulo katika mstari huo, "nayaweza mambo yote": wengine wanaona ni ahadi ya kufaulu mitihani na biashara, wengine wanakataa. Sisi tulikwama hapohapo majuma mawili.

Kwanza, kabla mtu hajatoa maoni, mmoja asome kwa sauti kuanzia mstari wa 10, mwingine arudie. Mstari wa 12 unataja kushiba na kuona njaa, na Paulo anaandika akiwa kifungoni (1:13). Kwetu tulipofanya hivyo, mama mmoja mkimya akasema, "Kumbe anaongelea kuvumilia." Mjuaji wetu, ambaye kwa kawaida hashikiki, alinyamaza!

Anayedai jambo aonyeshe neno lililomo. Wasiokubali msiwashinde kwa kura; kwetu wawili bado wanapinga, na tunasali nao.