Muulize mwenyewe habari ya maji

Vijana wangu mnaoanza uganga wa mifugo hapa Unguja, najua mmezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa hatumwoni kila siku. Akija, ni wa msasi wa Makunduchi au wa mlinzi wa hoteli huko Paje, na mara nyingi analetwa akiwa hoi. Ndiyo maana nawaandikia habari ya usaha kwenye kizazi cha mbwa jike. Mimi mwenyewe ulinipita mbele ya macho yangu.

Aliniita mzee mmoja, msasi, kule kusini. Jike lake la miaka saba hivi limelala, halili. Nikaona kupe masikioni, nikaona ufizi umepauka, nikasema homa ya kupe hii. Nikapiga sindano ya antibayotiki, oksitetrasaiklini, nikaondoka nimeridhika. Baada ya siku mbili mzee akanipigia: "Daktari, huyu anakunywa maji kama ng'ombe. Ndoo naijaza alfajiri, adhuhuri kavu." Hapo ndipo nikauliza nilichopaswa kuuliza mwanzo: mara ya mwisho lini alikuwa kwenye joto, yaani anataka dume? "Mwezi na nusu. Madume yalijaa uani mpaka majirani wakanung'unika." Tukampakia gari kumleta mjini. Hakufika.

Sasa nikifika, kabla sijafungua mkoba, nauliza joto lilikuwa lini na maji anakunywa kiasi gani. Baada ya joto, projesteroni, homoni ya kutunza mimba, hubaki juu kwa miezi kama miwili, mbwa awe na mimba au asiwe nayo. Ukuta wa kizazi unanenepa, tezi zake zinatoa majimaji, mlango wa kizazi unafunga, na kinga ya humo ndani inashuka. Bakteria, hasa E. koli, wakishaingia wamepata nyumba. Sumu yao inazuia figo kurudisha maji mwilini, kwa hiyo mbwa anakojoa sana na kiu haimwishi. Muulizeni pia mwenyewe kama mbwa aliwahi kupigwa sindano ya kuzuia joto, maana sindano hizo za homoni zinachochea ugonjwa huu.

Usaha ukitoka nje, kila mtu anauona. Wa kuogopa ni yule aliye mkavu: mlango umefunga, usaha unajaa ndani, tumbo linatuna, na mwenyewe anafurahi akidhani ni mimba. Msilibonyeze kwa nguvu tumbo hilo, kizazi kinaweza kupasuka kwa ndani. Wala msitegemee kipimajoto. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, na wenye usaha wengi wanasoma hapo hapo. Aliyezidiwa anashuka chini zaidi. Akitoa damu mbichi na ndani kuna kinyama kama koliflawa, huo ni uvimbe wa zinaa, tunaouona kwa mbwa wanaozurura, na dawa yake ni nyingine.

Kwenye altrasaundi mtaona mirija minene yenye giza ndani. Utumbo unajongea, kizazi kimetulia. Mimba nayo, kuanzia siku ya 25 hivi, inaonyesha moyo wa mtoto ukidunda. Seli nyeupe za damu huwa juu, lakini zikiwa za kawaida msijidanganye.

Tiba ni kuondoa kizazi pamoja na ovari zote mbili. Kipande cha ovari kikibaki, usaha unaweza kurudi kwenye kisiki cha kizazi kilichobaki. Kwanza dripu ya Ringer, yaani maji yenye chumvichumvi, na antibayotiki inayompata E. koli, kama amoksilini yenye asidi ya klavulaniki. Mpeni saa chache tu apate nguvu, msimwache mpaka kesho kutwa. Zailazini, dawa ya kulaza tuliyoizoea kwa ng'ombe, inaangusha moyo wa mgonjwa kama huyu, iacheni. Kizazi chenyewe kishikeni kama papai lililoiva mno. Ipo dawa ya aglepristoni, inayozuia kazi ya projesteroni, kwa jike changa la kuzalisha, lenye mlango uliofunguka, lakini ugonjwa hurudi mara nyingi, na mimi sijawahi kuitumia.

Suala la najisi lisiwatie unyonge. Mimi nna kopo la udongo safi nyuma ya gari: glavu, gauni, kazi ikiisha naosha mara saba, moja kwa udongo. Na msimlaze mbwa wa watu kwenye jamvi.

Mwaka uliofuata, mlinzi mmoja wa Jambiani alileta jike kavu, tumbo kama pipa. Tulimpasua jioni ile ile. Kizazi tulikipima kwa mizani ya samaki: kilo mbili na robo, kwa mbwa wa kilo 18. Siku ya tatu mlinzi akanipigia simu. Sikuuliza kidonda, niliuliza maji.

"Bakuli moja tu tangu asubuhi, daktari, na hajalimaliza."