Kuhusu lantana ya nyuma ya nyumba

Mwanangu,

Nimeupata ujumbe wako wa Jumapili. Umeniuliza ni dawa gani ya magugu ununue huko Dodoma na kuituma kwa basi, ili lantana iliyoziba njia ya chooni na kuikaribia mihogo ya mama yako imalizwe kabla ya Krismasi. Dawa nitaizungumzia, lakini ujue kwanza kwamba lantana hiyo haikuletwa na ndege, kama ulivyozoea kuwaeleza wageni. Niliipanda mimi.

Nilikata vipande kwenye uzio wa ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi mjini Kigoma, kwa kuwa niliyapenda maua yake, ya manjano katikati na ya waridi pembeni, na kwa kuwa mbuzi walikuwa wakiupita uzio ule bila kuugusa. Mama yako alilifikicha jani moja, akalinusa, akasema kuwa mbuzi hakatai kitu bure. Nilicheka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mmea huo asili yake ni Amerika, na kwamba wengi kabla yangu waliubeba duniani kote kwa sababu hiyohiyo ya maua.

Unamkumbuka yule mtamba mwekundu wa jirani yetu. Kiangazi kile ulipokuwa darasa la nne majani yalikauka Mwandiga yote, naye akafungwa kamba karibu na uzio wetu, na njaa ikamlisha walichokikataa mbuzi. Baada ya siku chache alikuwa akijificha kivulini tangu asubuhi, choo kimekuwa kigumu, macho yamegeuka manjano, na ngozi ya pua inapasuka kwa jua. Bwana mifugo aliuliza swali moja tu, kwamba amekula nini. Jirani akautazama uzio wangu, kisha akainamisha kichwa. Mtamba alipokufa nilimpelekea fedha, naye akazirudisha, akisema kwamba ng'ombe ni mali ya Mungu. Laiti angenigombeza! Hadi leo, nikimwona kwa mbali, huanza kumsalimia kabla hajafika.

Agosti hiyohiyo niliufyeka uzio wote kwa panga na kuuchoma, nikajiona nimelipa deni. Mvua zilipoanza, kila kisiki kilitoa machipukizi matano au sita, na mwaka uliofuata kichaka kilikuwa kipana kuliko uzio wenyewe. Mama yako hakusema neno. Alisubiri ardhi ilowe, akajifunga magunia mikononi kwa ajili ya ile miba iliyopinda, akachimba kwa sururu kukizunguka kila kisiki mpaka kitako chote kikatoka na mizizi yake, kisha akakipindua juu ya mawe kikauke. Ndipo nilipoanza kusema, na umenisikia nikisema mara nyingi, kwamba mvua ndiyo kibarua wa kwanza. Palipobaki wazi tulipanda viazi vitamu vifunike udongo, na kwa misimu mitatu tuliing'oa kwa mkono miche iliyotokana na mbegu zinazoangushwa na ndege. Kipande cha nyuma ya choo hatukukifikia, kwa sababu ulianza sekondari kule Kasulu na fedha ya vibarua ikawa ada.

Sasa dawa. Sisemi usiinunue. Mama yako magoti yanamsumbua, nami si yule wa Agosti ile, na najua kwamba kisiki kikikatwa na kupakwa dawa papo hapo kwa brashi, kabla jeraha halijakauka, mara nyingi hakichipui tena. Lakini kijana wa kukodi atakuja na bomba la kupulizia, upepo wa ziwani utavuma, na mihogo iko hatua nne tu kutoka pale. Tena nikisema hivyo najiuliza kama ninaitetea mihogo, au ninaona haya tu kwamba kosa langu litamalizwa na chupa. Uamuzi ni wako, kwa kuwa fedha ni yako, ingawa ulimi unaniwasha.

Mvua imenyesha mara mbili wiki hii, na jembe linazama bila kugonga. Ukija, sururu iko nyuma ya mlango wa jikoni. Mpini nimeubadilisha.

Baba yako