Chuma na upepo wa bahari: maswali yenu wiki hii

Geti langu la stenlesi hapa Raskazone, Tanga, halina hata mwaka limeshatoka madoa ya kahawia. Nimeweka sumaku haikushika, sasa nimeuziwa feki?

Pole ndugu yangu, si lazima iwe feki. Sumaku haikwambii kila kitu, mana stenlesi ya 201, 304 na 316 (hizo ni namba za aina zake) zote kwa kawaida haishiki. 304 ina kromiamu kama 18% na nikeli kama 8%, jikoni iko poa sana, ila kwa upepo wetu wa chumvi inapata madoa. 316 imeongezewa metali inaitwa molibdenamu, asilimia 2 mpaka 3, na hiyo ndo inahimili chumvi, bei yake imesimama, ila kwa nyumba ya karibu na bahari mi nakwambia lipa. Afu angalia madoa yako wapi. Kuna geti niliwahi kuitiwa, madoa yote yako kwenye maungio tu, kwengine linang'aa, nikajua fundi kapitisha brashi ya waya wa chuma cha kawaida au diski aliyokatia nondo, vile vichembe vikaganda pale na vyenyewe ndo vinashika kutu. Lioshe kwa maji ya bomba na sabuni mara kwa mara, tumia kitambaa, usiguse stiliwaya.

Fundi, nachomelea mabomba ya galvanaizi hapa Ngamiani, jioni natetemeka kama nina malaria, asubuhi niko fiti. Wenzangu wanasema ninywe maziwa.

Mdogo wangu, hii nakuomba uisome mara mbili. Galvanaizi ni chuma kilichopakwa zinki, na ule moshi mweupe ni hiyo zinki inaungua, zinki inachemka kwenye 907°C na moto wa welding umepita hapo mbali sana. Ukivuta, masaa kadhaa baadae unapata homa, baridi, ladha ya chuma mdomoni, siku moja mbili inaisha, ndo mana watu wanaichukulia poa. Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeingia kwenye mapafu, hayakutani. Saga zinki yote sehemu unayounga (na wakati wa kusaga vaa barakoa), chomelea nje, kaa upande upepo unapotokea, tafuta barakoa ya mafundi ya kuzuia moshi, kile kitambaa cha puani hakizuii kitu. Ukimaliza paka rangi ya zinki, bila hivyo pale ndo kutu itaanzia. Na kama kifua kinabana nenda hospitali usisubiri asubuhi.

Boti yangu ya alumini, naweza kufunga boliti za shaba?

Hapana kaka. Alumini na shaba zikigusana ndani ya maji ya chumvi inakuwa kama betri na alumini ndo inaliwa, utakuta matobo kuzunguka boliti. Weka stenlesi ya 316 na uitenganishe na bodi kwa washa za plastiki.

Mguu wa cherehani ya bibi umevunjika, unaungika?

Ule ni chuma cha kalibu, yani kilichoyeyushwa kikamiminwa, kaboni yake 2 mpaka 4%, ukiuchomelea haraka unapasuka pembeni ya uungio. Fundi aupashe moto kwanza, atumie fimbo za kuchomelea za nikeli, aunge vipande vifupi vifupi, afu aufukie kwenye majivu makavu upoe taratibu mpaka kesho yake.