Kwa wanaotafuta field (mafunzo ya kazi ya mwanachuo) ofisi za mawakili wa biashara: hilo duka la shangazi lipandishe juu ya barua

Mdogo wangu uliyeuliza jana, nimekusoma mara mbili. Uko mwaka wa tatu wa sheria, GPA 3.4, umepeleka maombi ofisi 14 za mawakili wa biashara hapa Dar na hata moja haijakujibu. Unauliza kama tatizo ni GPA au ni kukosa mtu wa kukushika mkono. Mimi ni wakili, naingia mwaka wa nane kwenye kazi hizi za makampuni na mabenki, na kwa miaka minne nimekuwa mmoja wa wanaopitia barua za vijana ofisini kwetu. Nitakujibu kwa kirefu, maana swali lako nilikuwa nalo mwenyewe wakati napanda mwendokasi Kimara kwenda Posta na bahasha za kaki kwapani.

GPA inaangaliwa, sitakudanganya. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na zipo ofisi zinazochujia hapo hapo. Umebakiza 0.1 tu, ipiganie. Lakini barua nyingi ninazoziweka pembeni hazina shida ya GPA. Naziweka pembeni kwa sababu nikimaliza kuzisoma bado simjui aliyeziandika. "Mimi ni kijana mchapakazi, mwenye kujituma, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Hiyo hiyo nimeisoma asubuhi kwa mwingine, na kesho nitaisoma tena.

Barua uliyoibandika hapa iko hivyo hivyo kuanzia juu mpaka chini. Ila kwenye CV, mstari wa mwisho kabisa, chini ya "Mengineyo", umeandika: kumsaidia shangazi dukani Kariakoo tangu 2019. Hapo nilisimama. Mdogo wangu, hicho ndicho kitu kikubwa ulicho nacho, na umekificha chini ya kuimba kwaya!

Fikiria unayoyajua na mwenzako aliyekaa maktaba tu hayajui. Unajua kilemba ni nini na kwa nini mtu anakubali kulipa mamilioni kuingia kwenye frem (chumba cha duka) isiyo yake. Unajua mkataba wa pango unasema mwaka mmoja lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Ile kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA, umeshaona mwenye nyumba anavyokunja uso ikitajwa. Unajua mzigo ukikwama bandarini shangazi anakopa wapi na anaweka nini dhamana. Hiyo ndiyo kazi yetu. Kwetu sifuri kwenye hela zinaongezeka na mkataba una kurasa 90, lakini watu ni wale wale: mmoja anaogopa kutolipwa, mwingine anaogopa kutolewa.

Kwa hiyo aya ya kwanza ya barua iwe kisa kimoja cha pale dukani ulichokishuhudia mwenyewe. Labda mwenye nyumba aliuza jengo na mpya akataka kilemba upya. Ukasoma mkataba wa shangazi, ukakuta hakuna kifungu kinachosema mpangaji atafanywaje jengo likiuzwa. Ukamshauri nini, na akafanya nini? Mistari sita inatosha. Kama hilo halikutokea usilitunge, andika lililotokea. Tunaulizia kwenye usaili, na aliyetunga anajulikana swali la pili.

Sasa usaili wenyewe. Wa kwanza niliofanya niliukosa, na kilichonikosesha ndicho nataka ukishike. Mbia wa ofisi ile, mama mmoja mpole sana, aliniuliza: "Tuna mteja Mjerumani, anataka kununua kiwanja Bagamoyo. Mjibu." Nikafurahi, maana nilikuwa nimeimeza. Nikamwambia Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni nayo inahesabiwa mgeni. Nikanyamaza. Akasubiri. Akauliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini taratibu: "Mteja katoka Ujerumani mpaka hapa, na wewe umempa namba ya kifungu. Hujamuuliza hicho kiwanja anataka kukifanyia nini."

Nilibaki nimeduwaa. Kisha akanifundisha, na sikuwa hata mwajiriwa wake. Akitaka kujenga hoteli, kuna njia ya uwekezaji: hati inashikwa na TIC (Kituo cha Uwekezaji cha wakati ule), yeye anapewa haki inayotokana na hati hiyo kwa muda maalumu. Akitaka nyumba ya kukaa miaka mitano na mkewe, apange. Akiwa na wenzake Watanzania anaowaamini kweli, tuzungumze hisa zikaeje, na tumweleze hatari zake bila kuficha. Mteja mmoja, majibu matatu, na huwezi kuchagua mpaka umuulize shida yake. (Ukitumia mfano huu popote, kumbuka TIC na EPZA, mamlaka ya kanda za uzalishaji wa kuuza nje, ziliunganishwa 2025 zikawa TISEZA. Ukitaja chombo kilichokwishaunganishwa, umeonyesha umekariri notisi za kaka yako.)

Kwa hiyo ukijiandaa, usikariri vifungu peke yake. Ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, usome hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara. Chukua moja kwa wiki. Kila ukimaliza, andika kwa daftari: huyu alitaka nini kibiashara, mkataba ulimwangusha wapi, na mimi ningeandika kifungu gani tangu mwanzo. Ukifika usaili una hukumu kumi za namna hiyo kichwani, huhitaji mtu wa kukushika mkono.

Kuhusu kubakizwa baada ya field, nakupa la kwangu. Wiki ya pili ofisi iliyonichukua walinipa faili nipige kurasa namba, kazi ya kitoto kabisa. Ilikuwa rehani ya kampuni moja iliyokopa benki. Nikiwa napiga namba nikaona tarehe ya kusainiwa, nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani: siku ya 38. Rehani ya namna ile inatakiwa isajiliwe BRELA, wanakosajili makampuni, ndani ya siku 42. Nilitetemeka, nikadhani labda wameshasajili, nikitaja nitaonekana mjuaji. Nikaenda kwa wakili aliyenisimamia: "Samahani kaka, naomba kuuliza, hii imeshakwenda BRELA?" Aliinuka kwenye kiti kabla sijamaliza. Ilikuwa bado, kila mmoja alidhani mwenzake ameipeleka. Ikasajiliwa siku ya 40. Hakuna aliyenipigia makofi, lakini tangu siku hiyo faili zilianza kuja mezani kwangu zisomwe, si kupigwa namba tu. Ukipewa kazi ndogo, isome huku unaifanya.

Jambo jingine ambalo vijana hamliamini: Kiswahili chako kina thamani. Mikataba yetu mingi ni ya Kiingereza, ni kweli, na Kiingereza chako kinyooshe. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na mteja mwenye kiwanda Mbagala anataka aelezwe mkataba wake akauelewa. Wanaoweza kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili safi kuhusu mkataba wa mkopo, bila kuupotosha, ni wachache mno. Ambatanisha ukurasa kama huo kwenye maombi. Mimi ningeusoma kabla ya CV.

Mengine ni mafupi. Field ya Julai anza kuomba Februari. Punguza kutoka ofisi 14 hadi tano, kila moja ujue inafanya nini hasa: benki, madini, kodi, ardhi. Barua ya utambulisho ya chuo, matokeo na CV viwe faili moja la PDF lenye jina lako. Ukipeleka kwa mkono, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na umsalimie dada wa mapokezi vizuri, anaulizwa maoni yake kuliko unavyodhani. Nauli na chakula uliza siku ya kwanza bila aibu, ofisi nyingi haziwalipi wa field na ni bora ujipange mapema. Mtu akikuomba hela, au kingine chochote, ili akupe nafasi, ondoka hapo hapo.

Nenda Kariakoo Jumamosi hii, mwombe shangazi akuonyeshe ule mkataba wa frem, uusome wote mpaka sahihi. Kisha andika ile aya ya kwanza na uiweke hapa chini. Nitaisoma mwenyewe na kukuambia pa kukata.