Mafunzo ya vijana kwa Zoom na Meet: majibu ya maswali mliyonitumia

Tangu niseme naendesha mafunzo ya kikundi cha vijana mtandaoni maswali yamekuwa mengi, leo nachukua yale yanayojirudia.

Zoom inatukata dakika 40 somo likiwa ndo limenoga. Tulipie?

Msikimbilie kulipa. Zoom ya bure inabeba watu 100 ila kikao kinaisha dakika 40, Google Meet ya bure inawapa dakika 60 mkiwa watatu na kuendelea, na Jitsi Meet ni ya bure pia, anayefungua chumba ndo anahitaji akaunti, wengine wanaingia kwa linki tu. Mimi hizo dakika 40 nimezizoea na nazipenda, maana kijana kukaa mbele ya simu saa zima anakusikiliza wewe tu ni mateso. Nafundisha 35, tunapumzika 10 watu wanyooshe miguu, halafu tunarudi kwa linki ya pili ambayo nimeshaiweka kwenye grupu la WhatsApp tangu asubuhi. Ukisubiri mkatwe ndo uanze kutafuta linki nyingine, wengi hawarudi.

Vijana wangu bando linawaishia katikati ya somo, nifanyeje?

Hili linanigusa sana kwa sababu anayeishiwa bando haagi, unaona tu jina limepotea na wewe unadhani hapendi somo. Kinachokula bando ni video, siyo sauti. Sauti ya Zoom inahitaji kilobiti 60 hadi 100 kwa sekunde, ukipiga hesabu ni kama MB 27 mpaka 45 kwa saa, lakini video za kikundi kizima zinakupeleka kwenye mamia ya MB hadi GB kabisa. Na kuzima kamera yako peke yake haitoshi, bado unapokea za wenzako! Sisi tunawasha wote dakika mbili za mwanzo tusalimiane, tuonane sura, halafu tunazima wote. Slaidi nazituma mapema kama picha, kila mtu anafungua kwenye simu yake huku ananisikia. Halafu jamani msimlazimishe mtu kuwasha kamera, hujui chumba anashea na nani.

Nikiuliza swali wote kimya, mpaka najihisi naongea na ukuta.

Wengi mmeuliza hili, nalielewa. Tatizo mara nyingi ni swali lenyewe. Ukisema "kuna mwenye swali?" mbele ya majina 30 nani ataanza? Hata ana kwa ana ni ngumu, sembuse hapa ambapo ukifungua maiki jina lako linamulikwa na kila mtu anakuangalia. Mwambie kila mmoja aandike neno moja kwenye chati lakini asitume mpaka uhesabu tatu, hapo yatamiminika kwa pamoja na hakuna atakayejiona wa kwanza.

Dawa yenyewe hasa ni vyumba vidogo (breakout rooms), yaani kuwagawa watu kwenye vikundi vidogo ndani ya kikao hicho hicho. Kwenye Zoom ya bure vipo ila uviwashe kwanza kwenye mipangilio ya akaunti yako kupitia tovuti, kwenye Meet ya bure havipo, hapo tengeneza linki kadhaa ugawe watu. Weka watatu watatu, kazi moja, dakika 8, na kila mtu apewe jukumu: mmoja anaangalia saa, mmoja anaandika, mmoja anakuja kusema. Kuna binti vikao vitatu mfululizo sijawahi kumsikia sauti, nikampa kazi ya kuja kusema. Waliporudi maiki ikafunguka, kimya kidogo, karatasi inasikika inakunjwa, akaanza kusoma mbio mbio, akasimama, akasema "naomba nirudie". Akarudia taratibu, vizuri kabisa. Nikagundua alikuwa na mengi muda wote, mimi ndo sikuwa nimempa nafasi.

Watu tusiowajua wanaingia wanaonyesha mambo machafu. Tuwazuie vipi?

Pole sana. Mwaka 2020 hili lilitokea sehemu nyingi mpaka mwezi wa nne Zoom wakawasha nenosiri na chumba cha kusubiri (mtu anakaa hapo mpaka mwenyeji amruhusu kuingia) kwa akaunti za bure bila mtu kuomba. Usivizime. Linki usiibandike hadharani, itume kwa waliojiandikisha tu, kushea skrini kubaki kwa mwenyeji, na wote wakishaingia funga mlango wa kikao asiingie mwingine. Pia tafuta mtu wa pili wa kusimamia mlango na chati, maana kufundisha huku unakagua nani anaingia haiwezekani.

Mkiwa na walio chini ya miaka 18 mimi nakuwa mkali zaidi: wazazi wajue na wakubali, chati za faragha zizimwe, na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto kwenye chumba kidogo hata dakika moja. Hapa sina mjadala.

Turekodi kwa ajili ya waliokosa?

Uliza kwanza, na akikataa hata mmoja acha. Zoom ya bure inarekodi kwenye kompyuta tu, kwa simu haiwezekani. Mimi siku hizi sirekodi kabisa, nikimaliza natuma sauti ya dakika tano yenye mambo makuu pamoja na zile slaidi, waliokosa wanaisikiliza, wakikwama wananiuliza kwenye grupu.