Kigunduzi "nyeti" na mwanga "nyekundu"

SWALI: Naandaa mwongozo wa Kiswahili kwa mafundi wa maabara wanaotumia mashine ya flosaitometri, ile inayopitisha seli mojamoja mbele ya leza na kupima mwanga unaotoka. Nimeandika kuhusu kigunduzi chake, kinachogeuza mwanga kuwa umeme: "Chagua fotomaltiplaya nyeti kwa mwanga nyekundu." Mwenzangu anasema sentensi ina kasoro. Iko wapi?

JIBU: Zipo mbili. Ndogo ni ya upatanisho: tunasema mwanga huu, mwanga mwekundu. "Nyekundu" umeiazima kwa taa na rangi. Hilo limekwisha.

Kubwa ni "nyeti". Siku hizi neno hili limebeba siri na tahadhari: taarifa nyeti, suala nyeti, sehemu nyeti. Fundi akisoma "fotomaltiplaya nyeti" ataelewa kuwa haiguswi ovyo. (Wala hatakosea sana; mwanga wa chumba ukiingia wakati volteji iko juu, kifaa kinaweza kuharibika.) Lakini ulichotaka kusema ni kwamba inaupata hata mwanga hafifu. Basi tumia kitenzi: "inayopokea vizuri".

Tena useme ni mwanga mwekundu upi. Fotoni (chembe ya mwanga) nyekundu ina nishati ndogo kuliko ya bluu, hivyo ni vigumu kung'oa elektroni kwenye kathodi, ile sehemu ya kigunduzi inayopigwa na mwanga. Kathodi ya alkali mbili (yenye metali mbili za alkali) huanza kuishiwa nguvu kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi. Ya alkali nyingi huweza kufika karibu 850. Kati ya rangi zinazopakwa kwenye seli ili zing'ae, APC hung'aa kwenye 660, PE-Cy7 karibu na 780, ambako jicho la mtu haliambulii kitu. Zote mbili maabara huziita "nyekundu", na mnunuzi wa kifaa anaweza kupotea hapo. Mimi ningeandika: "Chagua fotomaltiplaya ambayo kathodi yake inapokea vizuri mwanga mwekundu wa nanomita 660 hadi 800."

Kitenzi hicho kitakufaa pia ukifika kwenye volteji. Wengi huandika kwamba kupandisha volteji "kunaongeza unyeti". Sivyo. Volteji huzidisha elektroni zilizokwisha toka kwenye kathodi, hata mara milioni moja. Fotoni ambayo haikung'oa elektroni imepotea, hairudishwi na volteji yoyote. Kwa hiyo kathodi iandikie "kupokea", volteji iandikie "kuzidisha", na usiyachanganye.