Una 1,200,000 na sebule tupu? Sofa iwe ya mwisho

Mleta mada umesema umepata chumba, sebule na jiko Tabata, kodi ya miezi sita umeshalipa, mkononi umebaki na 1,200,000, na shemeji, yaani mkeo, anakuja mwezi ujao. Unauliza uanze na sofa au TV. Mimi nasema vyote viwili visubiri, na ada ya somo hili nililipa mwenyewe.

Mwaka 2017 nilihamia Ukonga. Nikakopa kikoba, nikanunua seti ya sofa ya watu saba kwa 1,350,000 kwenye duka moja lenye kiyoyozi na taa za kumetameta. Kule dukani lilionekana sofa la waziri. Kirikuu kilipofika nyumbani, lile la watu watatu likagoma mlangoni. Tukalipindua, tukalisimamisha, majirani wakaja kila mmoja na ushauri wake, mwisho tukang'oa mlango kwenye bawaba. Likaingia. Sasa kutoka sebuleni kwenda jikoni unapita ubavu ubavu kama kaa.

Miezi nane baadaye mkono mmoja ukabonyea. Nikamwita fundi wa Keko. Akaligeuza, akachana kile kitambaa cheusi cha chini, akaniita nichungulie. Mkono wa sofa ulikuwa boksi. Boksi kabisa, limepigiliwa pini, bado lina maandishi ya juisi. Mbao zilizobaki zilikuwa zimebunguliwa, ukigonga unamwagika unga. Fundi akasema, "Kaka, wewe ulinunua kitambaa."

Tangu siku hiyo sinunui kiti bila kukigeuza. Minya mkono kwa kidole gumba, ukiingia ndani ujue kuna boksi. Kisha nyanyua mguu mmoja wa mbele kama inchi sita: mguu wa mbele wa upande wa pili ukichelewa kufuata, fremu inapinda hiyo, achana nayo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kwanza nunua futi kamba, bei yake haifiki nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo kwa bodaboda. Pima sebule, pima mlango, pima dirisha. Halafu chukua magazeti, yatandike sakafuni kwa ukubwa wa kile unachotaka kununua, uishi nayo siku mbili. Nilipotandika magazeti ya sofa la watu watatu na meza ya kioo, nikajikuta nayakanyaga kila nikienda kunywa maji. Sebule ya futi 12 kwa 13 haina nafasi ya watu saba kukaa kama wako kwenye kikao cha harusi.

Pesa ya kwanza kabisa iende kwenye rangi, taa na pazia. Watu wanadharau kwa sababu si vitu vya kumwonyesha mgeni, lakini ndivyo anavyoviona akiingia.

Rangi: ongea na mwenye nyumba kwanza. Wangu alikubali kukata nusu ya gharama kwenye kodi, mradi nisipake "rangi za saluni". Lita moja ya rangi ya maji inapaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwa hiyo sebule ya ukubwa huo, mikono miwili, inakula kama lita 8. Usimwache fundi akuandikie ndoo mbili za lita 20. Kuta zenye madoa ya mafuta zioshe kwa sabuni kwanza, zikikauka ndipo uzipige msasa. Chagua rangi moja ya kupoa, nyeupe ya maziwa au ya mchanga, kwa kuta zote. Ule mtindo wa ukuta mmoja mwekundu ulinichosha ndani ya wiki mbili.

Taa: ile balbu nyeupe kali katikati ya dari inafanya sebule ionekane duka la dawa. Angalia kwenye boksi: ikiandikwa 6500K ni ule mweupe wa kukata macho, wewe tafuta 2700K au 3000K, mwanga wa njano. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa karibu na zile za zamani za wati 60, hivyo Luku haitakulilia. Weka moja juu na nyingine kwenye taa ya mezani, kimo cha mtu aliyekaa. Jioni zima ya juu, bakiza ya chini. Mke wangu alidhani nimenunua viti vipya.

Pazia ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Wengi wetu tunafunga fimbo sentimita tano juu ya dirisha, pazia linaishia pale dirisha linapoishia, sebule inaonekana imekatwa shingo. Panda na fimbo mpaka karibu na dari, iendelee pembeni kama futi moja kila upande, na pazia lishuke mpaka liguse sakafu. Madirisha yetu haya ya nondo na nyavu yanapotea kabisa. Kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa fimbo, la sivyo ukilifunga linanyooka kama shuka kwenye kamba. Na upime pangaboi lako linaishia wapi, usije ukaamka usiku pazia linasagwa.

Kitambaa cha mita kipo Kariakoo, ila mimi nilikwenda Ilala na Karume kwenye mapazia ya mtumba. Nenda asubuhi belo linapofunguliwa. Utapata mapazia mazito yenye bitana, marefu kuliko nyumba yako, na fundi cherehani atayakata. Kasoro yake ni kwamba jozi haipatikani kila siku. Nilizunguka Jumamosi tatu mpaka nikapata manne yanayofanana. Ukifika nayo nyumbani, maji ya moto kwanza. Kunguni hawana adabu.

Viti sasa. Kuna ofisi fulani ilikuwa inahama, wakauza viti viwili vya zamani, vyeusi kwa vanishi juu ya vanishi. Nilivichukua kwa elfu 60 kwa sababu vilikuwa vizito ajabu. Nikaanza na msasa namba 80 uani, baada ya dakika kumi ule weusi ukaachia na chini yake ikatokea mbao ya hudhurungi yenye mistari ya dhahabu. Mninga! Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Nikaendelea na namba 120, nikamalizia 220, sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) mkono mmoja, vanishi isiyong'aa mikono miwili. Funga barakoa, vumbi la mninga linawasha pua vibaya mno. Mito nikashonesha ya kitenge, sponji ya inchi nne. Viti hivyo vipo mpaka leo, lile sofa la waziri lilishaenda kwa muuza chakavu.

Kabati la mbao za kusagwa liogope, hasa kama unadeki kwa maji mengi kama sisi. Miguu inavimba kama andazi na hairudi.

Upande wa pili wa sebule nikaweka godoro jembamba chini, juu yake mkeka wa ukindu na mito. Sisi watu wa Pwani tumekaa chini tangu enzi, sijui nani alituambia ni umaskini. Wageni wangu wote wanakimbilia pale.

Ukutani nilitundika khanga ya marehemu bibi kwenye fremu ya fundi wa mtaani, nimeikunja jina lionekane: "Hasidi hana sababu". Mama alipokuja akasoma, akaniuliza, "Mwanangu, wageni wako unawasema?" Nikaihamishia chumbani. Usikate khanga ya mtu, ikunje tu.

Maua weka kwenye makopo ya ile rangi iliyoisha. Zulia la manyoya usinunue, vumbi la Dar litakushinda.

Kwa pesa yako ningegawa hivi: rangi, taa na pazia zisizidi laki nne. Kitanda cha tano kwa sita cha mbao ngumu na godoro zuri vichukue kama laki sita, hapo usibane, shemeji ametoka mbali. Inayobaki ni mkeka, mito, na ya kukaa nayo mfukoni mpaka utakapokutana na viti vyako.

Kesho pima dirisha la sebuleni, upana, na urefu kutoka dari mpaka chini, uweke hapa. Nitakupigia hesabu ya mita.